Aliyebaki Kwenye Nywila ya Zamani

Ujumbe wa tatu ulifika Jumanne saa kumi na nusu alasiri. Alhamisi, saa sita mchana, Koplo Arlette Gaudet wa polisi alikuwa ameketi jikoni kwa Noreen Wasylyk. Alikuwa amevua buti mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, akabaki na bastola kiunoni na soksi nene za sufu miguuni. Siku nyingine Noreen angecheka.

"Nitakusomea alichotumiwa kocha wa hoki," Koplo alisema, akaisogeza simu mwangani. "'Brandvold, najua binti zako wanapandia wapi basi la shule. Acha timu, la sivyo utawatafuta chini ya barafu.'"

Noreen alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Ni uovu," alisema. "Lakini mimi unaniambia ya nini?"

"Kwa sababu ujumbe umetoka humu ndani. Jumbe zote tatu. Anwani ya barua pepe ni ya bandia, ila kampuni ya intaneti imethibitisha kwamba zimepita kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, cha nyumba hii. Wanaishi nani hapa?"

"Mimi na mwanangu."

"Tanner. Yule aliyetolewa kwenye timu ya hoki Januari."

Hakuwa anauliza. Mji ule una duka moja la vyakula, kituo kimoja cha mafuta na ukumbi mmoja wa barafu wa kuchezea hoki, na ukumbi wenyewe uko nyuma tu ya ua wa Noreen, ng'ambo ya kichochoro. Mtoto akitolewa kwenye timu, habari hufika kwa fundi magari kabla hajafika nyumbani.

Na Noreen alikuwa na jambo asilolisema tangu asikie lile neno barafu. Wiki mbili nyuma, wakila pierogi, sambusa za viazi za kuchemsha, kwenye meza hii hii, Tanner alisukuma sahani akasema, "Natamani barafu impasukie kocha miguuni." Noreen alimgombeza, yakaisha. Sasa yalikuwa yamerudi yote, na yalikuja na uso wa mwanawe.

"Jumanne saa kumi na nusu kijana wako alikuwa wapi?" Koplo aliuliza.

"Hapa. Na mimi. Tulikuwa tunapika."

Alijibu haraka mno. Ngazi ilialika, na alipogeuka alimwona Tanner amesimama pale katikati, miaka kumi na sita, nywele timtimu, ameshika reli. Hakuwa ameenda shule. Alisema tumbo linamsumbua. Alimtazama mama yake.

Koplo Gaudet alishusha pumzi. "Bi Noreen, Jumanne ulikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee mpaka saa kumi na mbili. Nimetoka huko sasa hivi. Hilo sikulisikia, sawa? Ila nikisikia la pili, nitaliandika. Kesho asubuhi naombewa kibali cha kumchukua kijana na kompyuta zake zote. Kama kuna kitu cha kunisaidia nisifike huko, nipe leo." Akamgeukia Tanner. "Njoo uketi, kijana. Unamchukia kocha?"

"Nani hamchukii?" Tanner alivuta kiti. "Anatukana watoto. Nusu ya wazazi walitaka atoke. Kura ya kumwondoa ni leo saa moja jioni."

"Walitaka?"

"Si wamemwonea huruma sasa. Tangu vitisho vianze, kila siku anapelekewa bakuli la chakula mlangoni. Mama yake Cody ndiye alikuwa mkali kuliko wote, sasa anamwokea mikate."

"Na wewe saa kumi na nusu huwa wapi?"

"Chumbani. Peke yangu. Wenzangu wote wako mazoezini." Alicheka kidogo bila furaha. "Najua inavyosikika."

Koplo alizungusha kikombe cha kahawa. "Jumbe zote zimekuja Jumanne au Alhamisi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Wikendi hamna. Ajabu. Mtu mwenye hasira chumbani kwake ana siku saba za kukasirika." Akamtazama Noreen. "Nani mwingine ana nywila ya Wi-Fi yenu?"

Uso wa Noreen uliwaka. "Timu nzima."

"Unasema?"

"Septemba ilikuwa zamu yangu kukaribisha timu. Kila mtu alikuja na chakula chake, wazazi, watoto, kocha. Kocha alitaka kutuonyesha mechi kwenye televisheni, nikaiandika nywila ubaoni, pale juu ya friji, kila mtu akajisaidia. Na Mzee Orest wa jirani anayo, nilimwekea kwenye tableti yake."

"Lakini kampuni inasema ruta hii ni mpya."

"Ya Krismasi. Nikaipa jina lile lile na nywila ile ile. Ningeanza tena kuingiza moja moja, televisheni, printa, kile kidhibiti cha joto ukutani... Nilichoka."

"Mji mzima mnafanya hivyo," Koplo alisema kwa uchovu. "Hata mimi nilifanya. Niitie huyo mzee."

Mzee Orest Bilinski aliingia kwa mlango wa nyuma na koleo la theluji mkononi, kana kwamba ameitwa vitani. Ugomvi wake na Kocha Kelvin Brandvold ulijulikana: taa za ukumbi zilimulika chumbani kwake, na gari la kocha lilimzibia kichochoro.

"Mzee, umewahi kumtishia Brandvold?" Koplo aliuliza.

"Mara nyingi tu! Usoni kwake, tena kwa sauti. Nina miaka themanini na mbili, atanifanya nini?"

"Kwa barua pepe je?"

"Mama, mimi nikiandika 'heri ya kuzaliwa' kwa mjukuu, nikimaliza mtoto ameshaota ndevu." Aliuona uso wa Noreen, mzaha ukamkauka. "Kuna nini, binti yangu?"

"Wanataka kumchukua Tanner," Noreen alisema, na sauti ikamkatika.

Mzee alisimama akitafuta la kumfariji. Kwa kuwa hakulipata, akaangukia kwenye malalamiko, kama wanaume wa umri wake. "Na hivi unavyohangaika, unaunguza na umeme bure. Gari lako liko kwa fundi tangu juma lililopita, lakini waya wa kupashia injini bado umechomekwa kwenye nguzo kule nyuma. Nilitaka kuuchomoa, nikasema si wangu."

Noreen alimkodolea macho. "Waya wangu uko ndani ya buti la gari, mzee. Uko kwa fundi."

Koplo Gaudet alikuwa ameshaanza kuvaa buti.

Baridi ya nje ilikuwa ile inayogandisha kope. Kando ya kichochoro, pale gari lilipozoea kulala, ilisimama nguzo fupi yenye soketi, kama ilivyo kwenye kila ua wa mji ule, maana injini isiyopashwa joto usiku kucha haiwaki asubuhi. Waya mweusi ulitoka kwenye soketi ukazama thelujini. Hatua mbili mbele ilikuwepo ndoo nyeupe ya aiskrimu iliyofunikwa kichwa chini. Kila nyumba ina ndoo kumi za namna ile. Nani angeitazama mara mbili? Lakini kuizunguka, theluji ilikuwa imeyeyuka mpaka nyasi kavu zikaonekana.

Koplo aliiinua kwa ncha ya kalamu. Chini yake kilikaa kiboksi chembamba, kikiwaka taa ya kijani.

"Kiongeza mawimbi," alisema. "Kinadaka mtandao wako hapa, kinausukuma kule." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya kichochoro, kwenye ukuta wa ukumbi wa barafu. "Aliye mle ndani akituma kitu, huku nje kinaonekana kimetoka jikoni kwako."

Hapo ndipo Noreen aliogopa kwelikweli. Mtu alikuwa amepiga magoti hapa, chini ya dirisha la mwanawe, akachimba, akafunika, akaenda zake. Huenda yeye alikuwa jikoni akiosha vyombo. Huenda walipungiana mkono.

"Kichomoe," alisema. "Tafadhali kichomoe."

"Nikikichomoa sasa, nina ndoo na boksi tu. Kijana wako bado atakuwa na kesi." Koplo aliirudisha ndoo kama ilivyokuwa. "Tunarudi ndani. Nionyeshe hiyo ruta."

Walifanya kazi mezani, Tanner kwenye kompyuta, Koplo akimsimamia begani. Waliingia kwenye mipangilio ya ruta kwa nywila ya msimamizi, ambayo bado ilikuwa ile ya kiwandani. Koplo akaguna, wakaibadilisha kwanza. Wakafungua mtandao wa pili wenye jina jipya, ulinzi wa kiwango cha juu, na nywila ndefu ambayo Noreen hangeikumbuka hata kwa kiboko. Wakazima kile kitufe kinachounganisha vifaa bila nywila. Halafu wakahamisha kila kitu cha nyumbani, simu kwa simu, televisheni, printa, hata kile cha joto ukutani.

"Ule wa zamani tunauacha wazi kama ulivyo," Koplo alisema. "Si wa mtu yeyote wa nyumba hii sasa. Atakayeonekana humo ndiye tunayemtaka."

Alimpigia simu askari mwenzake aje akae kwenye banda la Mzee Orest. Wakasubiri. Noreen alisugua jiko lililokuwa safi. Kila mara alimtazama Tanner, na kila mara alimkuta anamtazama.

Saa kumi na dakika kumi, filimbi ilisikika kutoka ukumbini. Mazoezi yalikuwa yamechanganya. Saa kumi na robo, Tanner aligusa kioo cha kompyuta.

"Ameingia. Simu moja, kupitia kile kiboksi."

Simu zao zote zilikuwa mezani, kwenye mtandao mpya. Koplo aliinama. "Badilisha nywila ya ule wa zamani. Sasa hivi."

Tanner alibonyeza. Dirishani waliona mwanga hafifu ndani ya ndoo ukigeuka kutoka kijani kuwa mwekundu.

"Kura ni saa moja," Koplo alisema akifunga zipu ya koti. "Kama anauhitaji ujumbe wa nne, atakuja kutazama kimeharibika nini."

Noreen aliomba asiwe mtoto wa mtu. Aliwafikiria wale vijana wote waliokula mezani pake, na mama zao. Mlango wa nyuma wa ukumbi ulifunguka. Akatoka mtu mzima, koti la timu, filimbi shingoni. Alitazama kushoto na kulia, akavuka kichochoro, akapiga magoti kwenye theluji na kuifunua ndoo.

Alikuwa Kocha Brandvold mwenyewe.

Noreen hakumbuki alivyofika nje. Alikuwa na viatu vya ndani. Koplo alikuwa ametangulia, na yule askari wa bandani alisimama nyuma ya kocha.

"Noreen!" Brandvold aliinuka akijipangusa. "Nimeona waya, nikaogopa moto. Unajua nyumba za mbao hizi."

"Umeuona ukiwa wapi, kocha?" Koplo aliuliza. "Umefukiwa, na ukuta wako upande huu hauna dirisha. Mkono wa kulia umeshika nini?"

Simu ilikuwa bado inawaka. Koplo aliitwaa taratibu, akasoma kwa sauti ujumbe uliokataa kwenda: "'Brandvold, leo ndiyo mwisho.' Unaelekea kwenye barua pepe yako mwenyewe."

Kocha alisimama akipumua mvuke. Kisha mabega yakamshuka.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nimewafundisha baba zao. Wakakaa vikao vya siri kunifukuza kama mlevi wa baa. Nilitaka tu watulie, kura ipite. Mtu anayetishiwa hafukuzwi."

"Na binti zako? Uliandika chini ya barafu!" Noreen alipiga kelele.

"Wasingedhurika. Si nilikuwa mimi tu?"

"Na mwanangu?"

Alimtazama kama mtu aliyechoshwa na swali rahisi. "Nilihitaji nyumba yenye mtu ambaye kila mmoja angeamini ni yeye. Ni mtoto, Noreen. Wasingemfunga miaka mingi."

Mzee Orest alitoa tusi la Kiukreni lisiloandikika. Walimwingiza kocha garini, huku ndani ya ukumbi watoto wakiendelea kuzunguka barafu wakisubiri filimbi.

Noreen alirudi jikoni, miguu imelowa, anatetemeka. Tanner alikuwa bado mezani. Alizima kompyuta.

"Ulimdanganya polisi," alisema.

"Niliogopa, mwanangu."

"Hukuniuliza, Mama. Ulitunga uongo kwanza. Ulishaamua ni mimi."

Noreen alivua viatu vilivyolowa. "Ndiyo," alisema. "Nilidhani ni wewe."

Tanner aliisukuma kompyuta kando. Macho yalikuwa yamejaa. "Basi niulize sasa."

"Si tumeshamwona aliyefanya?"

"Niulize hivyo hivyo."

Noreen alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamshika mikono.

"Tanner, ni wewe?"

"Hapana, Mama," alisema. "Siyo mimi."