Koti la Manjano Katika Tovuti ya Lorine

Kila siku baada ya masomo Lorine alitoka Shauri Moyo hadi soko la Gikomba kumsaidia mama yake kupanga makoti ya watoto ya mitumba. Akishatundika yale mazuri mbele, aliketi na kuanza kazi yake ya pili ambayo hakuna aliyemtuma: kumchungulia Koki.

Koki alikuwa rafiki yake wa darasani, na mama yake aliuza nguo kibanda cha pili kutoka hapo. Muhula huo Mwalimu Muoki alikuwa amewafundisha kutengeneza tovuti, na kila mmoja akaitengenezea biashara ya mama yake. Tovuti ya Lorine ilikuwa na maua yanayozunguka, nyota zinazometameta na maandishi ya rangi saba. Ya Koki ilikuwa nyeupe tupu, haina madoido hata kidogo. Lakini simu ya nani ililia kutwa? Ya Mama Koki!

"Ndiyo, lile la bluu lipo!" Mama Koki alijibu simu kwa sauti, na Lorine akahisi kana kwamba anasimangwa yeye. Roho ilimuuma. Koki alipopita na kumsalimu, "Niaje, Lori?" alijibu "Poa" huku akiwa amevimba kama andazi.

Siku moja alifungua tovuti ya Koki kwenye simu. Picha ya kwanza ilikuwa ya koti la manjano lenye vifungo vya mbao. "Kwani yeye ni nani?" alinong'ona. Akaichukua picha ile, akaiweka kwenye tovuti yake, na chini yake akaandika nambari ya mama. Wivu ulimpofusha. Mtoto aliyelelewa kwenye mitumba alisahau kwamba katika mitumba kila nguo ni moja tu, na ikishauzwa hakuna nyingine kama hiyo.

Jumamosi mama alipigiwa simu. "Karibu, mama, makoti ya watoto yapo!" alisema kwa furaha. Baadaye akafika Bi. Mideva kutoka Buruburu, amemshika mjukuu wake mkono.

"Nimefuata lile koti la manjano," alisema.

"La manjano? Hilo sina, mama."

Bi. Mideva akatoa simu na kuonyesha picha. Koki, aliyekuwa amekuja kuomba henga ya kutundikia nguo, akaitazama pia.

"Hiyo ni picha yangu," alisema polepole. "Huo mkono ulioshika koti ni wangu. Na hilo koti tuliliuza Jumatano."

"Kwa hivyo mmenitoa Buruburu na mtoto anayekohoa, kufuata koti lililouzwa?" Bi. Mideva alifoka. "Huo ni uongo!" Akageuka, akaenda zake.

Mama aliketi. "Miaka kumi na mmoja niko hapa, Lorine. Wateja hunirudia kwa sababu wananiamini. Leo nimeitwa mwongo mbele ya soko zima."

"Ni mimi, Mama," Lorine alisema akilia. "Nilimwonea Koki wivu."

"Si ungeniuliza tu?" Koki alisema. "Ningekuonyesha." Maneno hayo yalimchoma Lorine kuliko kofi.

Mama alimpa simu. "Mwombe msamaha Bi. Mideva. Wewe, si mimi." Lorine alipiga simu, akaeleza yote. Bi. Mideva alisema tu, "Nimesikia," akakata.

Alasiri hiyo Lorine alimwomba Koki radhi, kisha akamwomba amfundishe. Koki alikuwa bado amekasirika kidogo, lakini aliketi.

"Toa haya maua. Ukurasa unachelewa kufunguka, na mteja hangoji," alisema. "Na kibanda chenu kiko wapi? Hujaandika popote."

Wakapiga picha za makoti moja moja mahali penye mwanga, kila moja likiwekewa futi ya kupimia. Walipofikia koti jekundu, Lorine alitaka kukunja mkono wa koti hilo uliokuwa na doa.

"Lipige picha na doa lake," Koki alisema. "Na likiuzwa, lifute siku hiyo hiyo."

Jumanne alasiri simu ya mama ililia. Alikuwa Bi. Mideva. "Lile jekundu lenye doa bado lipo?"

Mama aliligusa kwanza pale lilipotundikwa, ndipo akajibu, "Lipo."

Bi. Mideva alikuja, akaligeuza mkono, akalikuta doa palepale. "Nilipoona kwenye tovuti mmelionyesha doa hili, nikajua sitapoteza safari tena," alisema, akalilipia, akamvisha mjukuu wake.

Alipoondoka, mama alimwita Lorine. "Umeona, mwanangu? Ulikuwa ukimtazama Koki tu, hata makoti yangu hukuyatazama. Wivu nusura unipotezee wateja, nawe ukupotezee rafiki. Ukiona mwenzako anafanya vizuri, mwendee akufunze. Na unachomwonyesha mteja kiwe ndicho ulicho nacho."

"Nimeelewa, Mama," Lorine alisema. Akaifungua tovuti, akaifuta picha ya koti jekundu, kisha akaenda kibanda cha pili kumweleza Koki habari njema.