Kisikizi cha Gari Namba Kumi na Saba

Kisikizi kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni, kimebanwa ubavuni mwa injini kwa skrubu mbili, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusikiliza. Kiliisikiliza injini mara laki moja kwa sekunde. Kilijua sauti ya kila valvu na kila beringi, na kitu kikikaa vibaya kilimwambia dereva kabla hajahisi chochote. Mchana ule, katika karakana ya Kyela, gari namba kumi na saba lilikuwa likinguruma juu ya roli za majaribio, magurudumu yakizunguka bila gari kwenda popote, na kisikizi kikatoa taarifa yake kwa sauti ya upole: "Injini ni nzima. Hakuna kugonga."

"Inagonga, dada," alisema Bupe.

Bupe ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa amezima injini na kutoa kichwa dirishani, jasho likimtiririka shingoni.

"Wapi?" aliuliza Tusekile.

"Nikikanyaga mafuta hadi mwisho. Kama mtu anatikisa changarawe ndani ya kopo."

"Kisikizi hakijasikia kitu," alisema Tusekile, na mara maneno hayo yalipomtoka, akashtuka.

Yeye ndiye aliyekiunda. Tusekile Mwambungu, mhandisi wa miaka arobaini na moja, alikuwa amekitengeneza kisikizi huko Mbeya kwa miaka sita. Nyakati hizo watu walisafiri kwa magari tulivu, yanayotumia umeme na kujiongoza yenyewe. Injini za kuchoma mafuta zilibaki kwenye mashindano tu. Yaliyopendwa kuliko yote ni Mbio za Mteremko. Magari yaliyotumia spiriti ya mkonge yaliondoka Mbeya kwenye baridi, yakashuka zaidi ya mita elfu moja hadi joto la Kyela. Kamati ya Mashindano ilikuwa imeamuru kila gari lifungwe kisikizi.

Na maneno yale alikuwa ameshawahi kuyasema. Mwaka uliopita, siku mbili kabla ya mbio, Gwakisa Mwalwanda, aliyekuwa dereva wa timu, alikuja kumwambia kwamba gari linagonga likifika bondeni. Tusekile alitazama taarifa akamjibu hivyohivyo: kisikizi hakijasikia kitu. Kwenye mbio, kilomita nne kabla ya kumaliza, injini ya Gwakisa ilikwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakajifunga, gari likaacha barabara na kumgonga mpeperusha bendera, kijana aliyeitwa Asajile. Alifariki palepale. Kamati ilisoma taarifa ya kisikizi: injini nzima hadi sekunde ya mwisho. Basi kosa likawa la dereva. Ikasemwa alishusha gia vibaya. Gwakisa alifungiwa kushindana maisha yake yote. Injini yake haikufunguliwa na mtu yeyote, maana taarifa ilitosha.

"Dada, sasa tunafanyaje?" aliuliza Bupe.

"Washa tena," alisema Tusekile.

Hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka gari mara mbili, akaingia stoo, akatoka na kipande cha bomba la shaba na mpira wa maji. Akaliponda bomba upande mmoja, akalifunga kwa bolti kwenye mwili wa injini, akachomeka mpira upande wa pili na kuupeleka kwenye kiziba masikio cha plastiki. Lilikuwa jambo la kizamani sana, la enzi ambazo fundi hakuwa na kitu kingine. Akakivaa.

"Kanyaga!"

Injini ilipanda. Kwanza alisikia mvumo mzito tu. Kisha mshale wa kipimo ulipopita mizunguko elfu sita kwa dakika, kitu kikaanza kulia ndani ya shaba, kikavu, kikali, kisicho na mpangilio. Tusekile aliinua mkono, na Bupe akaachia.

Ndani ya silinda, plagi hutoa cheche na moto husambaa kwa utaratibu. Lakini joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia, na mlipuko huo huzipiga kuta za silinda kama nyundo. Huko ndiko kugonga. Gari la zamani la kwenda sokoni lingevumilia. Injini ya mashindano, inayoshindiliwa hewa na tabo, yaani pampu yake ya hewa, huweza kutoboka pistoni kwa sekunde chache.

Alifungua plagi moja moja, akaziweka kwenye kitambaa na kuzitazama kwa lenzi. Tatu zilikuwa safi. Kwenye ya nne, juu ya kauri nyeupe, palikuwa na vipunje vinavyong'aa, vidogo kuliko chumvi.

"Nini hivyo?" aliuliza Bupe.

"Alumini. Ni pistoni. Imeanza kuyeyuka."

Bupe alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba gari lingemrukia. "Ningeenda nayo hivi?"

"Ungeenda nayo hivi."

Kujua kwamba inagonga ilikuwa nusu tu ya kazi. Tusekile alitaka kujua kwa nini kisikizi kilikuwa kiziwi. Alifungua programu yake mezani, akaanza kupitia amri moja baada ya nyingine, akiinuka na kukaa, akimimina maji asiyoyanywa. Aliikuta amri hiyo saa tisa alasiri. Ilikuwa mstari mmoja, ulioandikwa kwa mkono wake. Huko Mbeya, nozeli za mafuta zilikuwa zikitoa mlio mwembamba, tik-tik-tik, na kisikizi kikaudhania kuwa ni kugonga. Kikapiga kelele za hatari mara hamsini kwa siku. Madereva walichoka. Basi akakiamuru kisikizi kipuuze kila sauti nyembamba kupita kipimo fulani. Kelele zikaisha, na watu wakamsifu.

Lakini mlio wa kugonga hutegemea joto la gesi ndani ya silinda. Gesi ikiwa moto zaidi, mlio huwa mwembamba zaidi. Mbeya, kwenye hewa nyepesi na baridi, kugonga kulisikika chini ya kipimo chake. Kyela, ambako hewa ni nzito na joto ni kali, mlio ulipanda ukakivuka. Mahali pekee ambapo injini ingegonga kweli ndipo mahali ambapo alikuwa amekiziba kisikizi masikio.

Sauti zote zilihifadhiwa. Alitafuta ya Gwakisa, akaondoa ule mstari, akasikiliza. Injini iligonga kwa sekunde kumi na moja mfululizo. Hakuna gia iliyoshushwa. Baada ya sekunde kumi na moja, kimya.

Alimpigia simu Bwana Sanga, mkuu wa timu, akamweleza yote bila kupumzika. Sanga alisikiliza hadi mwisho.

"Mhandisi, zimebaki siku tisa," alisema. "Rekebisha mstari wako, tukimbie, halafu baada ya mbio tukae tulizungumze."

"Kuna magari thelathini na mawili yenye kisikizi hiki."

"Wapelekee marekebisho. Si lazima useme sababu."

"Na Gwakisa?"

"Gwakisa ameshaanza maisha mengine. Ukimfufulia haya unamsaidia nini?"

Tusekile alikata simu. Aliandika barua kwa Kamati akiwa amesimama, akaambatanisha sauti zote mbili, ya gari la Gwakisa na ya gari la Bupe, na picha ya plagi, akatuma kabla mkono haujasita. Kesho yake Kamati iliahirisha mbio na kuamuru visikizi vyote vifunguliwe. Sanga alimwachisha kazi kwa ujumbe wa mistari miwili. Bupe naye alituma wake: "Asante dada. Ila kuanzia leo nikisema nimesikia, nisikilize."

Ijumaa alimkuta Gwakisa huko Ipinda, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nywele zimejaa vumbi la pumba. Alizima mashine alipomwona. Tusekile alimweleza akiwa wima, kwa kuwa hakukaribishwa kiti.

"Nilikuambia," alisema Gwakisa.

"Uliniambia."

"Nilikuambia mara mbili, Mhandisi. Na unajua kilichofuata? Nikaanza kukuamini. Kila siku nilijiuliza, labda sikusikia kitu, labda akili yangu inatunga ili nijitetee. Nikakubali. Nilikwenda kwa mama yake Asajile, nikapiga magoti, nikamwambia mimi ndiye niliyemuua mwanao." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa nirudi nikamwambie nini?"

"Nitakwenda mimi."

"Nenda basi," alisema, akawasha mashine, na kelele zake zikamaliza mazungumzo.

Mama Asajile alikuwa akianika mpunga uani. Tusekile alimwamkia, naye akaitikia marahaba na kumwekea kigoda. Alisikiliza bila kumkatiza, kisha akamwomba arudie taratibu, bila mambo ya mashine.

"Kwa hiyo Gwakisa hana kosa," alisema mwishowe.

"Hana, mama. Kosa ni langu."

"Umeshamwambia?"

"Nimetoka kwake sasa hivi."

Mama yule alitazama mpunga wake. "Huja hapa kila Jumamosi," alisema. "Hunilimia, hunichotea maji, tunakula. Mwanzoni nilimfukuza. Alikuja tena, nikamfukuza tena. Siku moja sikumfukuza. Sina mtoto mwingine, mwanangu. Alikuwa akiletwa na lile kosa. Sasa ataletwa na nini?"

Tusekile alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa mahakama. Swali hilo hakulitarajia. Aliomba radhi, akaona neno lenyewe ni dogo, akaondoka.

Alipanga chumba katika nyumba ya wageni na hakupata kutulia. Asubuhi ya Jumamosi alirudi, asijue afanye nini, akasimama kwenye ua wa miti mbele ya nyumba. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Mama Asajile alitoka mara mbili kutazama barabara, na mara zote mbili akajifanya anawafukuza kuku.

Ilipokaribia saa nne, Gwakisa alitokea kwa miguu, jembe begani. Alimpita Tusekile bila salamu. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeambiwa?" alimuuliza.

"Nimeambiwa."

"Na umekuja."

"Kwani leo si Jumamosi, mama?"

Mama aligeuka. Aliingia ndani haraka, na mara moshi wa jiko ukaanza kutoka. Gwakisa alivua viatu, akashuka shambani. Tusekile alibaki pale penye ua; hakuna aliyemwita ndani, wala hakuna aliyemwambia aende zake.