Abiria Aliyekaribishwa kwa Tende

Mchanga ulikuwa ndani ya sapatu za Bwana Lambert, mbichi na wa kijivu, na mzee huyo hakuwa ametoka nje ya mlango kwa miezi kumi na moja. Faridah aliukung'uta kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono. Ilimjia kwamba angepaswa kushtuka. Hakushtuka.

Nyumba ile ya wazee ilikuwa Rayners Lane, Landani, karibu na stesheni. Faridah, mtoto wa Kuze, Mombasa, alikuwa katika mwaka wa sita wa kuwaosha na kuwalisha wazee waliopotewa na kumbukumbu. Wazungu nao wana mambo: mtu akizeeka hata asijue jina la mkewe, wanamjengea treni isiyokwenda popote. Chumba cha mwisho kilikuwa kimegeuzwa behewa la zamani, lenye viti vyekundu vinavyotazamana na nyavu za mizigo juu. Mahali pa dirisha palikuwa na runinga iliyoonyesha mashamba, kondoo, halafu kistesheni cha mbao kilicho peke yake kando ya bahari. Wazee hawa walipokuwa watoto, treni za kiangazi ziliwapeleka huko kupunga upepo. Reli yenyewe ilishang'olewa zamani. Bwana Lambert alikwenda kila Agosti na dada yake Priscilla, ambaye sasa ni marehemu, na kila siku alimlilia kana kwamba amekufa asubuhi hiyo.

Wiki hii alikuwa halii tena.

Kosa lilikuwa la Faridah. Alhamisi moja ya Novemba alikuwa amefunga. Mwezi huo jua la Landani huzama saa kumi na kidogo, shifti ikiwa katikati, basi akaingia behewani palipo kimya na kufungua kopo lake la tende. Akasikia mtu mlangoni. Mdomo umejaa, macho yapo kwenye kopo, akasema kama asemavyo yeyote aliyelelewa vizuri: "Karibu, karibu tule." Kiti cha mbele yake kikabonyea polepole, springi zikalia, na harufu ya mwani uliooza ikatanda. Alipoinua macho hakuona mtu, ila kwenye kifuniko cha kopo palikuwa na kokwa moja ambayo hakuitema yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini hawakusema mgeni gani, wala hawakusema saa ya Magharibi.

Usiku ule alilala fofofo. Tangu mama yake afariki Mombasa, Novemba ya mwaka uliopita, naye akakosa ruhusa ya kwenda kumzika, hakuwa amelala bila kulia. Alishukuru, wala hakuuliza usingizi umetoka wapi.

Wa kwanza kudhurika alikuwa Bi Ravinder, Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Baada ya safari ya pili ya behewa alimshika Faridah mkono, akanong'ona: "Ile mtu nakaa na sisi iko naloa maji, mama. Nakula tu. Kwa nini hashuki?" Faridah alielewa, akanyamaza, kwa sababu alikuwa analala vizuri. Baada ya safari ya tatu, Bi Ravinder hakuutoa mkono wake kwenye chai ya moto. Safari ya nne walimkuta kitini, macho wazi kwenye bahari ya runinga, amekufa, soksi zimelowa mpaka magotini.

"Alikuwa na miaka tisini na moja, my dear," alisema meneja, Jane, Mkenya wa Nyeri. "Na umeona vile wengine wametulia? Family ya Lambert imeshukuru. Kesho anapanda tena."

"Ameshapanda mara ngapi?"

"Mara tatu. Inamsaidia sana."

Faridah alimkuta mzee mezani. Vidole vyake vilikuwa ndani ya kikombe, ngozi imeanza kufanya malengelenge, naye akivitazama kama vidole vya jirani.

"Bwana Lambert, Priscilla yuko wapi?"

"Nani?" aliuliza mzee.

Hapo ndipo aibu ilipomshika Faridah. Alimfunga bendeji mkononi, akajifungia stoo ya mashuka, akampigia mwalimu Sultan, Mzanzibari wa Kingsbury, dereva wa basi anayewasomea watu dua siku zake za mapumziko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanong'ona?"

Akamweleza yote.

"Ulimwambia tule?"

"Nilimwambia."

"Basi yuwala. Anakula uchungu wa watu, na uchungu ukisha anawala wenyewe. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wako. Mgeni husindikizwa na aliyemkaribisha. Msindikize mpaka mlangoni, lakini mguu wako usivuke. Wala asende mikono mitupu. Mpe cha njiani."

"Tende?"

"Tende ndizo zilizomleta. Mpe usichotaka kukitoa."

Kesho yake, saa kumi, Jane alimkalisha Bwana Lambert behewani, akaenda zake. Faridah aliingia na kufunga mlango. Kiti cha mbele ya mzee kilikuwa kimebonyea tayari.

"Nimekuja kukusindikiza," alisema kwa sauti ndogo, akapanga tende saba kitini.

Zikaliwa moja moja, kokwa zikamwangukia mzee mapajani zikiwa safi na zenye majimaji, na wakati huo mlio wa magurudumu uliotoka kwenye spika ukashuka ukaingia sakafuni, sakafu ikatetemeka, harufu ya moshi wa makaa ikachanganyika na ile ya mwani, kioo cha runinga kikafanya ukungu wa chumvi, na kile kistesheni cha mbao kikasogea, kikasogea, kikasimama, na bado kiti hakikuinuka, na pumzi ya Bwana Lambert ikawa nyembamba na kucha zake zikageuka buluu, naye Faridah akajua ni nini kinachosubiriwa, akalia, maana kitu hicho ndicho pekee alichobakiwa nacho, akafungua mdomo.

"Mama yangu alikuwa akinisuka Ijumaa," alisema. "Akiniwekea asumini nyweleni. Akiniita Fafa. Alikuwa na kovu hapa, la jiko..."

Kila neno lilipotoka lilimwachia pengo, kama ufizi uliong'olewa jino. Alisema mpaka yakaisha. Machozi yalikauka kabla hajayafuta.

Kiti kikainuka. Mlango ukafunguka wenyewe, upepo baridi ukapita.

"Nenda salama," alisema Faridah, akabaki ndani ya kizingiti.

Nyuma yake Bwana Lambert alipiga ukelele. "Mkono wangu! Unaniuma! Priscilla, Priscilla yuko wapi?" Alilia kama mtoto. Faridah akamkumbatia, akamwita nesi, akamtafutia dawa ya kuungua.

Jioni, Faridah akiwa chumbani kwake, dada yake alipiga simu kutoka Mombasa. Alikuwa analia.

"Mwaka umetimia leo, Faridah. Tumemaliza hitima ya mama sasa hivi. Tumekuombea na wewe."

Faridah alisikiliza. Miaka sita ya kazi ilikuwa imemfunza namna ya kuzungumza na mwenye huzuni.

"Pole sana, dada," alisema kwa upole. "Mama wa nani?"