Mchimbaji Aliyeketi

Haya yalimkuta rafiki yangu Scholastica, mwenye duka Mugumu, mwaka ule dhahabu ilipowatoa vijana mashambani. Siku sita watu walikuwa wakimfukua mdogo wake, Godwin, kwenye duara, shimo la dhahabu, lililoporomoka, na asubuhi hiyo walikubaliana kuacha. Kukaa nyumbani kulimshinda, akaenda Tarime, hoi, kuchukua sanamu ndogo za wachimbaji alizoagiza, za mchezo wa mezani.

Fundi Simioni akamtembeza karakana: risasi ikichemka, kalibu ya kumiminia, kisha chumba cha kukaushia rangi, madirisha yamezibwa kuzuia vumbi, giza tupu. Humo Scholastica akasikia nyundo. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Nani anagonga humu?"

"Hamna mtu, dada. Umechoka tu."

Fundi akamfungia sanamu kumi na mbili kwenye gazeti. Zote zilitoka kalibu ileile, zimesimama, zimeinua nyundo.

Alipozifungua nyumbani, kumi na moja zilikuwa zimesimama. Ya mwisho ilikuwa imeketi, nyundo imelazwa pembeni, mguu wa kushoto umenyooshwa, kama alivyokuwa akiketi Godwin tangu fahali alipomvunja goti.