Mpangaji Mwenye Alama Kamili

Ripoti ilirudi kabla Bilqisi hajamaliza kuandika jina la mwombaji. Kwa kawaida kampuni ya kukagua wapangaji ilichukua robo saa kumchimba mtu: madeni yake, anwani zake za zamani, na mwisho alama zake za kuaminika katika mikopo. Ya Harithi Samdani ilikuwa na mstari mmoja tu. Mia nane na hamsini. Hakuna juu ya hapo.

Bilqisi akafurahi mno. Marehemu mumewe, Qasimu, alipangisha ghorofa ya juu ya nyumba yao kwa swali moja: "Nani anakujua hapa Hamtramck?" Ukitaja watu wawili, unapewa ufunguo. Bilqisi aliona huo ni ushamba wa kwao Yemeni. Yeye aliamini namba.

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemkatalia Nadhira, mjane mwenzake, aliyesimama kwenye theluji na watoto wawili.

"Ripoti yako tupu, mwanangu."

"Nimefika mwaka jana tu, mama. Sijawahi kukopa hata kibiriti!"

"Hapa Marekani kutokopa ndiyo kosa lenyewe. Nenda salama."

Harithi akaja kuchukua ufunguo akiwa na glavu nyeusi na sauti ya upole. Bilqisi hakumuuliza anajulikana na nani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwa na kompyuta.

Wiki ya kwanza theluji ya kwenye ngazi za nje, njia pekee ya kupanda juu, haikukanyagwa, ingawa juu maji yalifunguliwa na kufungwa. Wiki ya pili ikashuka harufu ya udi uliochomwa pamoja na nywele. Kisha akagundua kwamba akienda jikoni, nyayo za juu nazo zilikwenda jikoni, akikaa sebuleni kiti kiliburutwa hadi juu ya kichwa chake, na alipojilaza mchana mmoja kupumzisha mgongo, akasikia kitu kizito kikijilaza taratibu juu ya dari, usawa wa kitanda chake, kikageuka alipogeuka, kikashusha pumzi aliposhusha yake, na siku zilivyopita sauti hiyo haikutoka tena juu ya dari bali ndani ya dari yenyewe, karibu, karibu zaidi, hata akaogopa kufumbua macho asije akakuta uso.

Akamwita Shehe Musidi, aliyekuwa akitoa majini mtaani. Mzee akapanda na chupa ya maji ya zamzam. Bilqisi akamsikia akisoma kwa nguvu, kisha akasikia sauti ya upole ikimjibu: "Shehe, mimi nina mkataba."

Musidi alishuka ndevu zikidondosha jasho.

"Ulimpa ufunguo kwa mkono wako?" akanong'ona.

"Alama zake zilikuwa kamili, shehe."

"Jini atakosaje alama kamili, naye hafi, haugui wala hafukuzwi kazi? Wa kuvamia ningemtoa. Huyu umemkaribisha, ukatia na sahihi. Toka wewe, mwanangu. Toka leo."

Bilqisi aliondoka na sanduku moja, akilia kwa hofu na kwa uchungu wa nyumba aliyoijenga na Qasimu. Alivuka hadi mji wa jirani, Dearborn, akaomba chumba katika jengo lenye ofisi na maua ya plastiki. Msichana wa ofisini akaingiza jina lake. Ripoti ikarudi papo hapo.

"Ha! Hongera, mama. Mia nane na hamsini! Sijawahi kuziona."

Bilqisi akashika meza. Zake hazikuwahi kuvuka mia saba.

"Na mumeo naye vilevile. Niandike majina mawili kwenye mkataba?"

"Mume wangu alifariki, binti. Huu mwaka wa nne."

Msichana akatazama skrini, halafu akatazama nyuma ya bega la Bilqisi, akatabasamu kwa adabu.

"Basi huyu bwana mwenye glavu nyeusi aliyekushikia koti ni nani?"