Chakula Kisichoguswa na Moto

Kila asubuhi Émérance alianza na mguu wa mume wake. Alifungua kitambaa, akaosha kidonda, akafunga kitambaa kingine. Libérat aligeuza uso ukutani. Zamani alikuwa fundi wa mitumbwi pale Kalundu, kando ya ziwa. Sasa ugonjwa wa sukari ulikuwa umemkalisha ndani, na kidonda cha unyayo kilikataa kufunga.

"Achana nacho," alisema. "Minye nimekwisha."

"Papa hajaisha," alijibu Irankunda, binti yao mdogo. "Huyu hapa."

Émérance alicheka kidogo. Siku hizo ni mtoto huyo tu aliyemchekesha.

Siku moja Noella, dada mkubwa wa Émérance, alifika kutoka Kamanyola na kikapu cha karoti na matango.

"Mu kikundi chetu cha sala wanasema moto unaua nguvu ya chakula," alisema. "Muache kupika, polepole. Muanze na chakula cha asubuhi. Akizoea, cha mchana. Kisha cha magharibi."

"Na vidonge vyake, yaya?"

"Mwili ukisafika, vidonge ataacha."

Noella alimpenda shemeji yake. Hakusema kwa ubaya.

Basi wakaanza. Asubuhi Libérat alitafuna karoti na kabichi mbichi, uso ameukunja. Bugali ilipungua. Baada ya muda alisema anajisikia mwepesi, na walipompima kwenye kituo cha afya, sukari ilikuwa imeshuka kidogo. Wakaongeza chakula cha mchana. Vidonge vilipokwisha, hawakwenda kuchukua vingine. Mwishowe mbabula, jiko lao la makaa, ilikaa nyuma ya mlango, baridi, bila makala. Irankunda naye alikula kwenye sahani ya baba yake, kwa sababu chakula cha baba ni kitamu kuliko cha mtu mwingine.

Kisha bomba la mtaa likakauka. Émérance akateremka ziwani na bidoni ya kuchotea maji, kama wanawake wengine. Maji yalionekana meupe, safi. Aliosha karoti kwa maji hayo mpaka zikang'aa.

Alfajiri moja Libérat alianza kuharisha. Kilichotoka kilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Jua lilipopanda, Irankunda naye akaanza.

"Mama, maji," alisema mtoto.

"Ngoja, mwanangu. Tumbo likauke kwanza."

Mtoto aliomba tena. Émérance akamnyima tena. Alidhani maji yataongeza kuhara.

Blandine, jirani yao, alikuwa relais wa mtaa, mtu anayepita nyumba kwa nyumba kufundisha mambo ya afya. Alipoingia, alimwona mtoto macho yameingia ndani.

"Hii ni kipindupindu! Muite pikipiki mbili! Mumupe maji anywe!"

Lakini mtoto hakuweza tena kumeza. Katika kituo cha kipindupindu, waganga walimtundikia Libérat maji kwenye mshipa, akapona. Irankunda mkono wake ulikuwa umeshapoa. Walimzika siku ileile.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Libérat alikataa kula. Émérance hakumbembeleza, kwa sababu yeye pia hakutaka kuishi. Blandine alikuja, akakaa naye kwenye mkeka.

"Uniambie kweli," alisema Émérance. "Ni minye nilimuua?"

"Kipindupindu kilimuua. Kilikuwa mu maji ya ziwa."

"Aliomba maji. Nilimnyima."

Blandine alisogea karibu naye.

"Ndiyo," alisema. "Ingefaa anywe. Muntu anayeharisha anakauka kama mboga kwenye jua. Anyweshwe seramu ya pakiti, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa mu maji safi, kidogo kidogo, bila kuacha, hata njiani kwenda kwa waganga. Haukujua, Mama Irankunda. Na minye sikufika kwako mapema."

Walilia pamoja.

Kisha Émérance akauliza, "Na karoti? Na kabichi? Zilikuwa sumu?"

"Hapana. Mboga zinamufaa mwenye sukari, na kupunguza bugali kulimusaidia. Lakini hazichukui nafasi ya vidonge. Na kipindupindu kikitembea, moto ndiyo rafiki yetu. Upike, mule kingali moto. Ukitaka kibichi, chagua cha kumenya. Unawe mikono na sabuni, ukioshe kwa maji yenye dawa ya klorini, ndiyo umenye mwenyewe. Maji ya kunywa pia utie dawa, ungoje nusu saa. Lakini mihogo, maharage na samaki ndagala, lazima viive."

Jioni Émérance alitoa mbabula nje. Makala yalikuwa na unyevu, moshi ukamwingia machoni. Aliacha machozi yatoke. Alipika mboga za lengalenga na ndagala, akasonga bugali ndogo, akampelekea mume wake pamoja na vidonge.

"Nile kwa nini?" aliuliza Libérat.

"Kwa sababu minye siwezi kuzika wawili."

Alikula.

Noella alipokuja, alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Émérance hakumfukuza, wala hakumkumbatia. Alimwambia tu, "Rudi mu kikundi chenu, yaya. Uwaambie yaliyotupata." Noella akaenda, akawaambia.

Miezi ilipita. Libérat hakukosa vidonge, na kidonda kikaanza kufunga. Siku mguu ulipoingia kwenye kiatu, yeye na mke wake walitembea polepole mpaka makaburini.

Waliporudi, walisikia kilio kwa jirani mwingine. Mtoto wa Florentine alikuwa akiharisha, na mama yake alikuwa ameficha kikombe asinywe maji.

"Mupe anywe!" Émérance alipiga kelele. Alikimbia kuleta pakiti ya seramu na maji yenye dawa. Alimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, akaendelea hata juu ya pikipiki, mpaka kwa waganga.

Mtoto yule alipona. Florentine alikuja kushukuru, mtoto mgongoni, akiwa macho, akichezea kitambaa cha mama yake.

"Mungu akubariki, Mama Irankunda."

"Asante," alijibu Émérance. Alimshika mtoto mguu. Ulikuwa na joto. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa chini.