Unga wa Chini ya Beseni

Kila asubuhi kabla ya shule, Natacha alimsaidia mama yake kutayarisha viazi. Mama yake, Mukabaranga, aliuza viazi vya kukaanga pale Mushaki, kando ya barabara iendayo Masisi, mahali ambapo madereva wa pikipiki husimama kupumzika. Mama alimenya. Natacha alikata vipande vyembamba na kuvitumbukiza katika beseni la maji ili visigeuke vyeusi. Ntwari, mdogo wake wa miaka sita, aliketi karibu nao akihesabu maganda. Tangu miezi miwili iliyopita hakuweza kufanya kazi nyingine.

Ntwari alikuwa amevunjika mkono wa kulia. Gentil, jirani yao aliyesoma na Natacha darasa la sita, alimpakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu hubebea mizigo. Waliteremka mlima mbio mpaka wakaishia mtaroni. Gentil aliinuka na vumbi tu. Ntwari aliinuka na mkono uliopinda.

Sasa bandeji ngumu ya jasi ilikuwa imetolewa na mfupa ulikuwa umeunga. Shida ilibaki kwenye vidole. Vilijikunja kama kucha za ndege aliyelala juu ya tawi, na havikutaka kufunguka.

"Mufupa iko sawa," Mama Francine, muuguzi wa kituo cha afya, aliwaambia. "Vidole njo vimesahau kazi. Avikunje na kuvikunjua kila siku, mara nyingi. Murudi kisha wiki nne. Kama bado havifunguki, nitawatuma Goma, kwenye hospitali kubwa."

Njia nzima Mama alikuwa akipiga hesabu. Kumpeleka mtoto Goma kulimaanisha kufunga biashara, na hakuna aliyejua ni kwa siku ngapi.

Ntwari hakutaka mazoezi kwa sababu yalimuuma. Mama alipomwambia afungue mkono, aliuficha kwapani. Natacha alimpa gunzi la mahindi alikamate na kuliachia. Aliliachia mara moja tu, juu ya kichwa cha kuku.

"Anataka kitu cha kuchezea," Gentil alisema siku ile jioni. Tangu ajali hakupitisha siku bila kuja kumwangalia Ntwari. "Kaka yangu iko na video kwenye telefone yake. Watoto wanachanganya unga na maji, wanashika-shika, wanacheka. Yule mutoto atafungua mukono bila kujua."

"Unga gani?" Natacha aliuliza.

"Unga ni unga."

Walijaribu unga wa muhogo. Ulishika vidole vya Ntwari kama gundi, na walipoubandua alilia mpaka majirani wakachungulia.

"Unga ni unga, eh?" Natacha alisema.

"Labda ulikosea maji."

"Maji ni maji," Natacha alimjibu, naye Gentil akaenda zake.

Jumamosi viazi viliisha mapema. Natacha alimwaga maji ya beseni kama alivyofanya siku zote. Chini kulikuwa na tabaka jeupe, ule wanga unaotoka katika viazi vilivyokatwa. Alitaka kuukwangua kwa nguvu ili autupe, lakini ulikuwa mgumu kama sakafu. Akaacha vidole pale akitafuta kijiti kwa macho. Vidole vikazama vyenyewe, polepole. Alipoviinua, ule wanga ulichuruzika kama maziwa mazito.

Natacha aliupiga ngumi. Ngumi ikakwama juu. Akaweka kiganja taratibu, kikazama. Miaka miwili alikuwa anautupa kila siku nyuma ya nyumba, na hakuwahi kuuchezea hata mara moja.

"Ntwari, kuja hapa. Kamata hii. Hapana, na mukono wa kulia."

Ntwari aliukamata, akaubana. Mkononi mwake ukawa tonge gumu. Halafu, alipolegeza, tonge likaanza kuyeyuka na kupenya katikati ya vidole vyake. Hakuweza kuona vizuri kwa sababu vidole vilikuwa vimejikunja. Kwa hiyo alikikunjua kidole cha mwisho, kisha kile kinachofuata, apate kuona.

"Imekuwa maji," alisema kwa mshangao.

"Kamata tena."

Alikamata tena mara thelathini. Natacha alihesabu.

Kesho yake baada ya ibada, Natacha alichukua wanga alioanika tangu jana, akafungua daftari kuukuu na kuanza kujaribu. Aliweka maji mengi, ukawa kama uji wa maskini, hauna nguvu. Aliweka machache, ukavunjika-vunjika. Akaongeza maji kijiko kimoja kimoja, akiandika kila kijiko, mpaka akapata kipimo: vikombe viwili vya wanga mkavu, na maji kikombe kimoja au pungufu kidogo.

Lakini Mama alihitaji beseni lake. Vyombo vya maziwa navyo havitumiki kwa jambo lingine, hilo kila mtoto wa wafugaji analijua. Natacha alizunguka nyumba na kuona karibu na zizi nusu ya bidoni ya buluu, dumu la plastiki lililokatwa katikati. Zamani ilikuwa na dawa ya kupe ambayo Papa Narcisse, baba yake, hunyunyizia ng'ombe. Ilikuwa tupu na nzuri kwa kina. Aliisuuza mara moja kwa maji baridi. Harufu ilibaki kidogo. Aliwaza, "Si ya kula, ni ya kuchezea tu."

Jumatatu Ntwari alicheza humo tangu saa nane hadi jioni. Jumanne, kabla ya giza, mikono yake ilikuwa myekundu, macho yakitiririka machozi, naye akatapika. Mama alimfunga mgongoni na kukimbia naye kwenye kituo cha afya. Natacha na Gentil walimfuata nyuma.

"Ameshika nini?" Mama Francine aliuliza akimlaza kitandani.

Gentil alimsogelea Natacha na kumnong'oneza, "Sema ni upupu wa njiani. Ukisema ile bidoni, watakataza muchezo, na mukono utabaki vile."

Natacha alimwangalia mdogo wake. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kufunguka. Viwili, katika siku nne tu. Akajua kwamba Gentil alisema kweli kuhusu mchezo. Lakini Ntwari alikuwa amelegea, mate yanamtoka mdomoni.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Ni mimi, Mama Francine. Nilichanganya wanga wa viazi ndani ya bidoni ya dawa ya kupe. Alishika-shika mule tangu jana."

Mama Francine hakugomba. Alivaa glavu haraka, akamvua Ntwari nguo zote, akamwosha mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, akamsuuza macho kwa muda mrefu. "Gentil, wewe mwenye mbio, lete ile bidoni nisome jina la dawa. Ifunge ndani ya sashe ya plastiki, usiiguse na mikono." Kisha akakaa karibu na kitanda akisikiliza pumzi ya mtoto.

Saa tatu za usiku Ntwari aliomba chai. Mama Francine akavuta pumzi ndefu.

"Kama mungeniambia ni upupu," alisema, "ningemupaka mafuta na kumurudisha nyumbani na sumu yake mwilini."

Gentil aliangalia viatu vyake.

"Ule muchezo umekwisha," Mama alisema kwa hasira. "Sitaki kuuona tena."

"Ngoja kwanza, Mama Natacha." Muuguzi alikuwa ameshika mkono wa Ntwari. "Wakati nilimuosha, hivi vidole viwili vilinifuata. Nani alimufanyisha mazoezi?"

Natacha alieleza yote: beseni, vijiko, daftari. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho.

"Wanga wa viazi hauna ubaya," alisema. "Chombo njo kilikuwa na sumu. Ngozi ikishapona, muanze tena. Lakini nataka sahani safi ya mchezo peke yake, na mikono ioshwe mbele ya muchezo na kisha muchezo. Asitie mudomoni. Wanga ukianza kunuka, muumwage shambani."

Papa Narcisse aliitoboa ile bidoni na kuizika mbali na kijito. Mama alitoa sahani ya plastiki, akaiandika kwa makaa, "Si ya chakula." Wiki moja baadaye mchezo ulirudi uani, na watoto wa jirani pia wakaja. Ntwari alikuwa mwenye mchezo. Aliketi kama chifu na kukagua viganja vya kila mmoja.

"Wewe Gentil, kucha zako ziko na matope. Rudia."

"Mimi niko mukubwa wako."

"Rudia."

Gentil alirudi kunawa, akaja na kujigamba kwamba ataipasua sahani kwa ngumi. Ngumi yake ikakwama juu ya wanga, na kila mtu akacheka. Ntwari akazamisha mkono wake wa kulia taratibu hadi chini, akaufungua humo ndani, na akautoa. Vidole vitatu, kisha vinne.

Siku ya wiki ya nne ilifika. Benchi la kituo cha afya lilikuwa limejaa. Mama hakuwa amelala vizuri, na begi dogo la safari lilikuwa mgongoni mwake, maana hakutaka kudanganywa na matumaini.

"Weka mukono juu ya meza," Mama Francine alisema.

Ntwari aliuweka. Muuguzi alijaribu kupitisha karatasi chini ya vidole, aone kama vimelala sawasawa. Chini ya dole gumba haikupita. Chini ya kidole cha mwisho haikupita. Alijaribu vyote vitano.

"Sasa nisalimie."

Ntwari alimsalimia kwa mkono wa kulia, akaukaza mpaka muuguzi akakunja uso.

"Goma watatukosa," Mama Francine alisema, na Mama akavua begi mgongoni na kuketi sakafuni akicheka na kulia.

Muuguzi alimtoa Natacha, aliyekuja nao, nje kwenye benchi, mbele ya wagonjwa wote. Mmoja wao, mzee Albert, alikuwa amekatwa na panga, na jeraha lake lilipona likaacha vidole vigumu. "Waeleze," muuguzi alimwambia. Natacha hakupenda kusema mbele ya watu. Aliangalia chini, lakini alieleza, na alianza na bidoni. Alisema kosa lake mwenyewe wazi, bila kulipunguza, ndipo akafika kwenye beseni na vijiko.

Alipomaliza, Mama Francine alimwekea mkono begani.

"Muliona huyu mutoto," aliwaambia. "Kujaribu ni kuzuri. Yeye aliangalia kitu ambacho sisi wote tunatupa, na kimefungua mukono wa ndugu yake. Lakini anayejaribu lazima ajue kila kitu kilichoingia ndani, na chombo nacho kimeingia. Asipojua, aulize kwanza. Na kama amekosea, aseme upesi, hata kama anaogopa. Ntwari iko muzima leo sababu dada yake alisema."

Mzee Albert alikunja mikono ya shati lake. "Sawa, mwalimu," alimwambia Natacha. "Nionyeshe mahali pa kunawa."